Nondo za mjomba

Jumatano ya tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na dakika kama 13 usiku, nilikuwa nasonga ugali. Naishi Sinza, ghorofa ya tatu, na jiko langu linatazama ukuta wa jirani. Kwanza vifuniko vya sufuria vikalia, mlio mfupi tu, kama mtu kagonga kabati kwa goti. Nikasema moyoni, lori la mchanga hilo. Nikaendelea na mwiko. Ugali haujaiva, nyumba ikaanza kwenda na kurudi. Haikuruka wala kustuka. Ilikwenda na kurudi taratibu, kama mtumbwi uliofungwa ufukweni boti kubwa inapopita. Maji ya ndoo yakamwagikia upande mmoja, kisha upande wa pili.

Nimesomea jiolojia pale Mlimani. Somo la matetemeko nililifaulu vizuri. Nilichofanya ni kuzima jiko na kushuka ngazi peku, mwiko mkononi.

Uani tulikuwa watu kama thelathini. Mama mwenye nyumba, kanga moja kichwani na nyingine kifuani, alikuwa anahesabu wajukuu. "Mabomu," akasema. "Yameanza tena." Hakuna aliyecheka. Mkazi wa Dar nyumba ikitikisika hawazi Bonde la Ufa. Anawaza Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011, siku ambazo maghala ya silaha yalilipuka na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Tetemeko tunalijua kama habari za mikoani, linalotokea Bukoba, Mbeya au Manyara, siyo Sinza.

Simu zikaanza kuita. Zanzibar wamelisikia. Mombasa wamelisikia, hata Nairobi. Na mjomba wangu, mdogo wake mama, akapiga kutoka Bukoba akicheka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kumbe na ninyi limewafikia? Mimi nimeuza ng'ombe ninunue kiwanja Kigamboni ili nilikimbie, nalo limenitangulia."

*

Mjomba ana haki ya kucheka. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, alikuwa amekaa barazani kwake. Tetemeko la Kagera lilikuwa na ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa nchi kavu, upande wa Missenyi. Watu wasiopungua 17 walikufa, na nyumba zilizobomoka zilihesabiwa kwa maelfu. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha wanafunzi kuondolewa. Nyumba ya mjomba ilibaki imesimama, lakini ukuta wa chumba cha wageni ulipasuka kona hadi kona, na tangu siku hiyo hakulala tena upande ule.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Tetemeko letu la 2020, kwa hesabu za Shirika la Utafiti wa Jiolojia la Marekani, lilikuwa na ukubwa wa 6.0. Lilizidi la Kagera kidogo. Lakini sisi tulipoteza ugali. Kitovu chake kilikuwa baharini, kati ya Dar na Mafia, kama kilomita 80 kutoka katikati ya jiji. Ukubwa unaotangazwa redioni unaeleza kilichotokea kule chini mwamba ulipokatika. Haukuelezi kiwanja chako kimetikisika vipi. Ndiyo maana kazi ya kupima hatari ya matetemeko haishughuliki sana na ile namba ya redioni. Inauliza mahali hapa, kwenye udongo huu, ardhi inaweza kutikisika kwa nguvu kiasi gani, na uwezekano wake ni upi.

Umbali wenyewe niliukadiria nikiwa bado uani, kwa sababu ya vile vifuniko. Mwamba unapokatika hutoa mawimbi ya aina mbili kwa pamoja, kama bodaboda na daladala zinazotoka kituo kimoja. Bodaboda ni wimbi la kusukuma: lina mbio, kwenye mwamba hukimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde, lakini nguvu yake ndogo. Daladala linafuata nyuma kwa kama kilomita 3 na nusu kwa sekunde, limebeba mzigo wote, nalo ndilo linaloyumbisha nyumba. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo bodaboda inavyoliacha daladala. Ukichukua sekunde zilizopita kati ya kishindo cha kwanza na myumbo, ukazidisha kwa nane, unapata kilomita kwa kukadiria. Mimi nilisonga ugali kama sekunde 10 kati ya mlio na myumbo. Nakiri sikuwa na saa ya kupimia, nilikuwa na mwiko. Lakini 80 si mbali na ukweli.

*

Mjomba alihamia rasmi mwaka uliofuata, na siku ya kwanza tu akanipeleka Kigamboni kuona kiwanja. Tulivuka kwa pantoni kwa sababu alitaka kuonja upepo. Kiwanja kizuri, minazi miwili, mchanga mweupe unaoingia viatuni. Alitaka kujenga ghorofa tatu: chini fremu nne za maduka, juu vyumba vya kupangisha, yeye na mke wake juu kabisa.

"Wewe si mtu wa mawe," akaniambia. "Niambie basi. Hapa litakuja au haliji?"

Swali hilo halina jibu, na anayekujibu kwa tarehe ni tapeli. Nikamwambia tuliulize kwa namna nyingine, tukakaa chini ya mnazi karibu saa mbili.

Cha kwanza ni kujua matetemeko yanatoka wapi. Vitabu vya shule vilituchorea Bonde la Ufa na matawi mawili: la magharibi linalopita Tanganyika, Rukwa na Nyasa, na la mashariki linalopita Natron, Manyara na Eyasi. Pwani ilibaki nyeupe. Lakini bara hili linaachana kwa milimita chache kila mwaka, na mwachano huo haukomei Manyara. Chini ya bahari, mbele ya pwani ya Tanzania na Msumbiji, kuna nyufa nyingine zinazofuata mgongo wa bahari uitwao Davie. Lile la Agosti 2020 lilitukumbusha kwamba mstari wa kitabuni ulikatwa na ukingo wa karatasi, ardhi yenyewe iliendelea.

Cha pili ni mara ngapi. Hapa nilimtajia mjomba soko la samaki la Feri. Nenda alfajiri uhesabu. Dagaa hawahesabiki, vibua ni wengi, nguru ni wachache, papa mkubwa anaweza kupita wiki asionekane. Matetemeko yana mpangilio wa namna hiyo, na wanasayansi wa matetemeko Beno Gutenberg na Charles Richter ndio walioupa hesabu: kwa kila tetemeko la ukubwa wa 6, tarajia karibu kumi ya 5 na karibu mia ya 4. Ukihesabu dagaa vizuri kwa miaka mingi, unaweza kukadiria papa atakuja mara ngapi hata kama hujamwona. Ubaya ni kwamba daftari letu la hesabu ni jembamba. Tunalijua la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika, kwa sababu lilikuwa kubwa mno kusahaulika. Dagaa wa miaka ile nani aliwahesabu? Na kwa upande wa baharini, ambako hakuna kijiji juu ya kitovu, hesabu ni ngumu zaidi.

Cha tatu ni jinsi nguvu inavyopungua njiani, na hapa mkazi wa Dar hahitaji mwalimu. Kukiwa na kigodoro mtaa wa tatu, maneno ya mwimbaji huyasikii, unasikia besi tu. Mawimbi ya haraka haraka hufia njiani, ya polepole husafiri mbali, na hayo ya polepole ndiyo huyumbisha majengo marefu. Ndiyo sababu usiku ule wa Agosti watu wa ghorofani tulishuka mbio, na muuza chipsi wa chini aliniuliza, kwa mshangao wa kweli, tunakimbia nini.

Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Allin Cornell, alionyesha namna ya kuyaunganisha haya matatu yatoe jibu moja: hapa ulipo, mtikisiko wa nguvu fulani una uwezekano gani wa kupitwa ndani ya muda fulani. Ramani za hatari unazoziona zimetokana na njia hiyo, pamoja na zile za taasisi ya GEM ya Pavia, Italia, ambayo programu yake ya OpenQuake inatolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na uvumilivu. Nguvu hupimwa kwa kulinganisha na mvutano wa dunia, ule unaoangusha embe. Kwenye ramani hizo Rukwa na Mbeya zina rangi kali, na Dar imepakwa rangi ya kupoa.

Mjomba aliuona mstari wa chini ya ramani: mtikisiko wa kila miaka 475.

"Ah! Miaka 475! Basi mimi sitakuwepo."

Kila mtu husema hivyo, na nadhani kosa ni letu tulioiandika namba ile. Siyo ratiba ya boti ya Zanzibar, kwamba likishaondoka unasubiri jingine. Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka huu na ujao, kuna nafasi 1 kati ya 475. Ukizijumlisha kwa miaka 50, umri wa kawaida wa jengo, unapata nafasi karibu 10 kati ya 100. Nikamwuliza mjomba: fundi akikuambia kati ya nyumba kumi nilizojenga moja itapata mtihani huu mpangaji akiwa ndani, utasema hutakuwepo? Akanyamaza, akachomoa jani la mnazi, akaanza kulichana.

*

Lakini hata hiyo ramani haikuwa ikizungumzia kiwanja chake. Ramani nyingi za namna hiyo huchorwa kana kwamba nchi nzima imekaa juu ya mwamba. Sasa niambie, Dar kuna mwamba wapi? Oysterbay na Msasani kuna matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Wazo wanachimba chokaa ya saruji. Kwingineko ni mchanga na mfinyanzi, na bonde la Msimbazi, pale Jangwani, ni tope lililoletwa na mto kwa maelfu ya miaka na linaloletwa mpaka leo kila masika, kama wenye mabasi wanavyojua.

Udongo laini una tabia mbaya. Wimbi likitoka kwenye jiwe likaingia kwenye tope, mwendo wake unapungua na kimo chake kinaongezeka. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Meksiko, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu. Kwa umbali huo wenye nyumba juu ya vilima vya mawe walitikiswa tu. Lakini katikati ya mji, uliojengwa juu ya ziwa lililokauka, tope likaitikia wimbi kama ngozi ya ngoma, na mamia ya majengo yakaanguka na kuua maelfu ya watu. Hayakuanguka ovyo. Yaliyoumia zaidi yalikuwa ya ghorofa kati ya 6 na 15. Mafupi mengi yalisalimika, na mnara mrefu kuliko yote wakati ule ukabaki umesimama.

Kila jengo lina mdundo wake. Mahesabu ya haraka ya wahandisi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa: jengo la ghorofa 3 huenda na kurudi kwa sekunde 0.3, la ghorofa 10 kwa sekunde nzima. Udongo nao una mdundo wake. Midundo ikikutana ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: huhitaji nguvu, unahitaji kuvizia wakati.

Kwa hiyo nikaazima vifaa kazini, nikarudi Kigamboni na vijana wawili. Tulitandika geofoni 24, vifaa vidogo vinavyonasa mtikisiko wa ardhi, kwa mstari kwenye mchanga, tukaweka sahani ya chuma, kijana mmoja akaipiga kwa nyundo ya kilo nane. Mawimbi ya nyundo yakipita kwenye geofoni yanakuambia udongo una kasi gani hadi mita 30 chini, na kipimo hicho ndicho vitabu vya ujenzi hutumia kugawa udongo madaraja. Mwamba hasa huanzia mita 760 kwa sekunde na kuendelea. Chini ya 180 umejengea uji. Watoto wa mtaa walijaa, kila mmoja anataka kupiga nyundo. Mama mmoja aliuliza kama tunatafuta gesi, na tulipokana akaondoka haamini.

Usiku tukabaki na kifaa kimoja tu, kinachosikiliza mtetemo mdogo wa ardhi ambao mtu hausikii: bahari, magari, upepo kwenye minazi. Njia hii aliipa umaarufu Mjapani Nakamura mwaka 1989. Inataka utulivu, na Kigamboni utulivu unapatikana kati ya saa nane na saa kumi usiku, bodaboda zikishalala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nimejifunga shuka, mbu wakinila.

Majibu: wastani wa mita 240 kwa sekunde, mchanga unene wa mita kama 30, maji ya chini yapo mita mbili na nusu. Mdundo wa kiwanja ni sekunde 0.5.

Ghorofa 3 ni 0.3. Ghorofa 5 ni 0.5.

*

Nilimpigia mjomba asubuhi ile ile, kabla sijaoga. Nikamwambia mambo matatu. Kwanza, maji na mchanga mlegevu ni ushirika mbaya: ukitikiswa sana, chembe zinaachana, mchanga unageuka uji kwa dakika kadhaa. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya makazi yalilala ubavu bila kuvunjika, kama mtu aliyelazwa kitandani. Kwa hiyo msingi usiwe wa kubahatisha. Pili, ghorofa 3 ziwe 3. Tatu, zile fremu nne za maduka.

Fremu ndizo zilitugombanisha. Jengo letu la kawaida la Dar lina kuta tele juu, na chini liko wazi, milango ya chuma mtupu, limesimama juu ya nguzo kama flamingo. Ardhi ikienda upande, sehemu ya juu haipindi, mpindo wote unaingia kwenye nguzo za chini. Nikataka fremu mbili zijazwe ukuta wa zege. Mjomba akapiga hesabu ya kodi ya fremu mbili kwa miaka ishirini, akanitajia jumla yake, akaniuliza kama nitailipa mimi. Mwishowe alikubali moja, na nusu ya pili.

Fundi naye. Alikuwa anasuka nondo za nguzo, ringi moja kila sentimita 30, na ncha zake amezikunja kidogo tu. Nikamwomba karibu na maungio ya nguzo na boriti aweke kila sentimita 10, na ncha azikunje ziingie ndani kabisa, kwa sababu nguzo ikiyumba zege la nje hubanduka na kinachozuia nondo zisipinde ni ringi.

"Dada," akasema bila kuinua uso, "hapa si Japani."

Sikumlaumu. Wahandisi wetu wengi walikulia kwenye kitabu cha Waingereza cha zege, BS 8110, kilichoandikwa kwa nchi isiyo na habari ya matetemeko. Na majengo yetu hayasubiri tetemeko ili yaanguke. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilishuka lenyewe na kuua watu 36. Ardhi ilikuwa imetulia kabisa. Mimi binafsi nikipita Kariakoo siangalii ramani ya hatari, naangalia nguzo.

Ilibidi nimletee fundi chai ya maziwa na vitumbua asubuhi tatu mfululizo. Siku ya nne akanionyesha nguzo: ringi zimebanana kama meno ya kitana. "Nimekula chuma cha mzee," akasema, "usije ukanikana." Mjomba alipoiona bili ya nondo alinipigia simu hata salamu hakuipokea.

Jengo limekwisha mwaka jana. Fremu mbili na nusu zina wapangaji: duka la dawa, wakala wa pesa za simu, na kile kinusu ni kinyozi. Nilipanda juu kabisa kumsalimia mjomba, akanitembeza darini kuona bahari. Upepo mzuri. Kwenye kila kona ya dari kulikuwa na nondo nne zimeachwa zikichungulia angani, zimefungwa mifuko ya nailoni zisishike kutu.

"Mjomba, na hizi?"

Akatazama baharini.

"Hizo ni za watoto, mwanangu. Nao wakipata, waongeze mbili."